Majani Iko kwa Mkebe

Mjomba wangu mmoja, ndugu ya mama, alikuwa mtu wa reli pale Kipkelion, enzi zile gari moshi likipita watu wanatoka nyumbani kulitazama kama arusi. Kazi yake ilikuwa bendera mbili, nyekundu na kijani, na kofia ambayo hakuivua hata kanisani mpaka pasta akamsema mbele ya watu. Mimi nilikuwa wa kuchunga, nikiwaacha ng'ombe wajichunge nikaenda kumwangalia. Akiinua kijani, lile dude lote, chuma na moshi na watu ndani, linaondoka. Akiinua nyekundu, linatulia kama ng'ombe anayekamuliwa.

"Mjomba," nikamwuliza, "gari moshi linajua kusoma?"

"Halijui. Linajua rangi. Hata wewe hujui kusoma na bado unakula."

Alikuwa na mdomo huyo. Baadaye alioa Londiani, kwa watu wa viazi, akanenepa mpaka lile koti la reli likakataa kufungika. Ningeeleza na sababu ya kuhama kwake, lakini mke wake bado yuko hai na ana wajukuu wa kumsomea, wacha ninyamaze.

Nilikuwa nimemsahau yeye na bendera zake, mpaka juzi mjukuu wangu alipoangushwa na majani.

Huyu mjukuu tunakaa naye mimi na nyanya yake, kwa sababu mama yake anachuna chai kutwa nzima. Shule zilipokuwa zikifungwa, mwalimu wake wa chekechea aliniita kando.

"Mzee, wenzake wanaenda darasa la mbele. Huyu itabidi abaki darasa la bebi. Hajui rangi, hajui maumbo. Nimemwuliza majani ni ya rangi gani, akaniambia nyeusi."

"Nyeusi?"

"Nyeusi, Mzee. Darasa lote likacheka. Mfundisheni likizo hii, halafu siku ya kufungua nitamwuliza tena."

Mtoto alilia njia nzima. Binti wa jirani, ambaye huenda naye shule kila siku, yeye alikuwa anaenda darasa la mbele. "Mimi sitaki kubaki na wale wananyonya vidole," mjukuu wangu akasema, kidole chake kikiwa mdomoni.

Nikampeleka moja kwa moja shambani, kwa mistari yetu ya chai. Nikashika tawi. "Hii ni nini?"

"Chai."

"Si majani?"

Akaniangalia kwa huruma, vile unamwangalia mtu mzima aliyepotea njia ya kwao. "Kugo," akaniambia, maana kwetu babu ni kugo, "hii ni chai. Majani iko kwa mkebe."

Nikaliachilia lile tawi. Kila asubuhi nyanya yake anamwambia, "Niletee majani," naye analeta mkebe, na ndani ya mkebe ni kitu cheusi kama makaa. Mtoto hakukosea. Sisi ndio tulimfundisha hivyo.

Maumbo nayo yalinipa taabu, maana shule niliiacha kabla hatujafika huko. Mwalimu alikuwa ametaja duara na pembetatu. "Ni ng'ombe gani iko na pembe tatu?" mtoto akaniuliza. Hata mimi nilikuwa nimewaza hivyo hivyo, lakini mzee hasemi kila anachowaza.

Tukafanya mchezo. Mimi nachora mavumbini kwa kijiti, yeye anakimbia kutafuta kitu kinachofanana. Nikachora duara. Akaleta kifuniko cha sufuria, akarudi na kingine, mara ya tatu akaja amebeba kwa mikono miwili mavi ya ng'ombe, yamekauka vizuri. "Duara!" Nikakubali. Yalikuwa duara kuliko vifuniko.

Nyanya yake akatoka jikoni. "Mzee, wewe ni mwalimu ama mwizi? Nafunika ugali na nini, na kofia yako?"

Pembetatu aliitafuta asubuhi nzima, akarudi mikono mitupu. Jioni tumekaa motoni, akaruka kama ameumwa na siafu, akamwita nyanya yake. "Gogo! Mafiga iko pembetatu!" Tukayatazama yale mawe matatu chini ya sufuria. Kweli. Nyanya yake amepikia hapo miaka yote hajaona. Tangu siku hiyo vifuniko tulipewa bila matusi.

Kwa rangi ndipo nikamkumbuka mjomba. Nyuma ya zizi tukawa na reli yetu. Bendera nyekundu ilikuwa kitambaa kikuukuu cha kichwa cha nyanya yake, ya kijani ilikuwa tawi la chai. Yeye ndiye gari moshi, na ndama akifuata kama behewa. Kijani anakwenda, nyekundu anasimama, na sheria ni moja: ataje rangi kwanza, asipotaja haendi. Siku moja nikamtega, nikainua mkebe wa majani. Akafunga breki katikati ya matope.

"Hiyo ni nyeusi, Kugo. Gari haina hiyo."

Siku ya kufungua, mwalimu alisimama mlangoni na kadi zake. Akainua moja. Mtoto akaniangalia mimi. Nikatazama kando nisije nikamsaidia.

"Kijani," akasema.

"Na hii?"

"Mafiga."

"Nini?"

"Pembetatu."

"Haya. Na majani je?" Mwalimu alikuwa ameanza kutabasamu.

"Ya shamba ni kijani. Ya Gogo ni nyeusi."

Mwalimu akacheka mpaka kadi zikamwanguka. "Pita, baba. Pita darasa la mbele."

Binti wa jirani alikuwa dirishani tayari. "Kuja haraka, nimekuwekea kiti!"

Akaachilia mkono wangu. Mfukoni mwa koti nilikuwa na kile kitambaa, sijui kwa nini nilikibeba, basi nikakiinua juu, mzaha tu. Akageuka, akakiona vizuri kabisa.

"Nyekundu!" akapaza sauti, akaendelea kutembea, akaingia. Kwenye ile reli yetu ya nyuma ya zizi hakurudi tena.