Haiba ya Mwalimu Luhaga

Ukipita mtaa wa Mabatini ukauliza habari za Luhaga, watamsifia. Watakwambia ni mtu wa watu, anaandika barua za kuomba kazi zinazojibiwa, anamtunza mama yake. Yote kweli. Mimi simpendi, na ninayo sababu.

Alizaliwa Misungwi, akafundisha shule ya msingi miaka miwili, akaacha kwa sababu, kwa maneno yake, mwalimu mkuu alikuwa na wivu. Akaja mjini akafungua duka la steshenari. Ualimu aliuacha, jina hakuliacha. Ukimwita Luhaga tu anakutazama mpaka uongeze Mwalimu. Babu yake alikuwa manju, mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma la Wagalu, na hilo utalisikia kabla hujaketi.

Kila Jumapili mchana alikuwa akifunga mlango wa duka nusu, nasi wanne tukaizunguka meza kucheza mchezo wake. Ni mchezo wa kusimulia. Kila mmoja ana mtu wake wa kubuni kwenye karatasi, pamoja na alama zake: nguvu, wepesi, akili, haiba. Luhaga anasimulia balaa, wewe unasema mtu wako anafanya nini, kisha unarusha dadu, na alama zako zinakuongezea bahati au kukupunguzia. Kanuni aliziandika mwenyewe kwenye kauntabuku, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

Mtu wangu aliitwa Nyamizi, mganga. Nilimlea miaka minne. Siku ya kwanza tulipogawiwa alama, uganga uliendeshwa na alama ya akili, kwa hiyo nilimjazia akili na kumwachia haiba mbili tu. Nilijua nafanya nini. Mimi nina kigugumizi. Nauza mitishamba sokoni, na wateja wangu wengi huonyesha kidole, nami nawafungia. Pale mezani sikuhitaji kuongea sana: nilitaja mzizi, nikarusha dadu, mtu akapona. Nathaniel fundi baiskeli, Adoyo wa duka la dawa na Khalidi mshona viatu walikuwa hai kwenye karatasi zao kwa sababu ya Nyamizi. Wiki nzima nilikuwa yule dada asiyeongea. Jumapili nilikuwa mtu wa kutegemewa.

Mwezi wa tatu Luhaga alituletea mchawi wa Nansio, aliyemtengeneza kwa majuma manane. Alikusudia atutese mpaka Krismasi. Nyamizi akaijua sumu yake na dawa yake, dadu ikakubali, mchawi akafa kabla chai haijapoa. Wenzangu wakashangilia. Luhaga akacheka kwa meno tu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema, lakini yeye hakuwa mshindani, alikuwa mwenye kauntabuku.

Jumapili iliyofuata akatangaza: "Nimerekebisha kanuni. Kuanzia leo uganga unaendeshwa na haiba."

"Kwa nini, Mwalimu?" Adoyo akauliza.

"Kwa sababu ndio uganga wetu. Wagalu na wapinzani wao Wagika wanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja. Nani ana dawa kali? Aliyevuta watu. Babu yangu alivuta watu mpaka wenzake wakabaki wanajipigia ngoma wenyewe. Basi mganga atasimama, atatamka dawa yake kwa pumzi moja, na mpinzani naye atatamka. Wachezaji watakwenda kusimama nyuma ya aliyewavuta. Asiye na mtu nyuma yake, amekufa."

Kwa pumzi moja. Alisema hivyo akinitazama. Mwamba ngoma huvutia kwake, hilo nalijua, lakini huyu alikuwa akiiwamba kwa ngozi yangu.

"Ba-ba-babu yako," nikasema, "a-a-ali..."

"Alikuwa hodari. Ndiyo, dada Kija."

Sicho nilichotaka kusema. Nilitaka kusema kwamba babu yake aliimba tu, na dawa ya kuvuta watu alichemshiwa nyumbani na mganga ambaye hakukanyaga uwanjani wala hakufungua mdomo mbele ya watu. Mimi pia ni wa Misungwi, najua. Haiba ni ya mwimbaji. Dawa ni ya anayeijua. Hoja ilikuwa kamili kichwani, ikakataa kupita kooni. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Akamfufua mchawi wake, akasimama, akatamka. Simnyimi haki yake, alitamka vizuri. Ikaja zamu yangu. Mti wa kwanza katika dawa yangu ulikuwa mninga, nikakwama kwenye herufi ya kwanza. Mashine ya kudurufu ilikuwa imezimwa, hakuna hata kelele ya kujifichia. Sikumaliza mti huo mmoja.

Wakainuka wote watatu, wakaja kusimama nyuma yangu. Adoyo hakunitazama usoni. Nathaniel alinipigapiga begani, kama anavyombembeleza mtoto aliyeanguka na baiskeli.

"Umeona?" Luhaga akasema. "Haiba unayo! Kanuni inafanya kazi."

Nyamizi alikuwa ameshinda. Nikajua kwamba atashinda hivyo hivyo kila Jumapili, kwa kuhurumiwa, na akili yake yote haitamfaa kitu.

"Ru-rudini mlikokuwa," nikawaambia. Hawakusogea. Nikarudia kwa hasira mpaka wakarudi vitini. Kisha nikamwonyesha Luhaga kauntabuku. "Hesabu."

Hakukuwa na mtu nyuma yangu. Akasema tusifanye mambo ya kitoto. Nikabaki nimesimama mpaka akaandika: Nyamizi, mganga, amefariki. Nililia njia nzima hadi nyumbani, na sioni aibu kulisema.

Jumapili mbili baadaye wenzangu wote watatu walikufa kwenye karatasi zao, pangoni, kwa kuumwa na nyoka, hakuna wa kuwatibu. Nathaniel alipokuja kunisimulia nilifurahi sana.

Jumanne Luhaga mwenyewe akaja sokoni, kauntabuku kwapani, akasimama mbele ya meza yangu.

"Nimerudisha akili," akasema. "Uganga ni akili, kama zamani. Njoo Jumapili, dada Kija."

"Nya-Nyamizi amekufa."

"Tutamfufua."

"Mfufue. Ha-hapa. Kwa kanuni iliyomuua."

Alinielewa. Ilimpasa atamke kwa pumzi moja, na watu waje nyuma yake. Akatazama kushoto na kulia. Soko lilikuwa limejaa. Sikumharakisha. Mwisho akavuta pumzi, akaanza kwa sauti yake nzuri ya mezani: "Nyamizi, binti wa ziwa, kwa mizizi saba nakuita..."

Wanawake wa nyanya wakageuka. Mteja wangu akarudi nyuma hatua moja. Luhaga akaliona hilo, akarudia "nakuita" mara ya pili, mara ya tatu. Hakuna aliyesogea upande wake.

Truphosa, anayeuza dagaa meza ya jirani, hakuinua hata macho. "Baba," akasema, "kama hununui, wapishe wanaonunua."

Akapisha. Nyamizi hakufufuka, na Jumapili sasa nashinda nyumbani sina la kufanya.