Bi Asilimia na Madaktari 552 Wasiojibu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja anavaa vipokea sauti, anakohoa kidogo kusafisha koo, kisha anabonyeza namba. Simu inaita mara sita. Ya saba inapokelewa.

"Habari za asubuhi, daktari. Samahani kwa usumbufu. Napiga kutoka kituo cha utafiti. Ni maswali tisa tu kuhusu chanjo, hayazidi dakika saba."

"Chanjo? Ule utafiti wa mwaka jana uliotufanya tuchekwe?"

"Hii ni awamu ya pili, daktari."

"Dada yangu, nina foleni mpaka mlangoni. Niache nifanye kazi."

Simu inakatika. Mwanamke anaandika 4 kwenye kisanduku. Nne maana yake amekataa. Ni wa tatu kukataa tangu aketi, na hana hata dakika kumi na tano kitini.

Chumba chenyewe kina meza kumi na moja zilizotenganishwa kwa maboksi yaliyokatwa na kubandikwa gundi. Dirisha ni moja, na linatazama ukuta wa jengo la jirani. Ukutani wametundika karatasi ya maelekezo kwa wafanyakazi: soma swali kama lilivyoandikwa, usimsaidie mtu kujibu, usitoe maoni yako.

Kazi yake inaitwa udadisi. Kwa miaka kumi na saba amekuwa akiwauliza watu maswali na kujaza majibu yao kwenye dodoso. Ameshawauliza watu wanalala vyumba vingapi, wananawa mikono kwa nini, wanachota maji wapi. Mtaani wanamwita Bi Asilimia. Zamani jina hilo lilikuwa la utani, na aliliitikia huku akicheka.

"Siku hizi wakiniita hivyo siitiki," anasema. "Najua wanachomaanisha."

Mambo yalianza mwaka jana, baada ya kampeni ya chanjo ya surua kusuasua. Mitaani ulizagaa uvumi kwamba madaktari wanawachanja watoto wa wenzao lakini wa kwao wanawaficha. Kituo kikapewa kazi ya kuwauliza madaktari wenyewe: je, watoto wako wamepata chanjo ya surua?

Wadadisi walipewa orodha ya madaktari 940. Yeye peke yake alipangiwa 160. Aliwapigia asubuhi, akawapigia mchana, akawapigia wakati wa chai. Kuna mmoja aliyejibu maswali yote tisa kwa kunong'ona, amejifungia chooni, kwa sababu ndipo mahali pekee hospitalini ambapo wagonjwa hawakumfuata. Mwingine alimshikilia simuni nusu saa akimweleza habari za mguu wake mwenyewe unaomuuma.

"Madaktari wa ngozi wanapenda kuongea," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Wa watoto ndio shida kuwapata. Na ndio tuliowataka."

Mwisho wa mwezi wa pili, madaktari 388 walikuwa wamejibu. Kati yao, 365 walisema ndiyo, watoto wao wamechanjwa. Hiyo ni asilimia tisini na nne. Waliobaki, 552, ama walikataa ama hawakupokea kabisa. Idadi yao iliandikwa kwenye ukurasa wa 41 wa ripoti yenye kurasa 62.

Magazeti hayakufika ukurasa wa 41. Yaliandika kwamba madaktari tisini na nne kati ya kila mia wamewachanja watoto wao. Siku hiyo hiyo sauti ya mtu asiyejulikana ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Mtu huyo alisema ana majirani watatu madaktari na hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Nambari hizo, alisema, zinapikwa na watu waliokaa kitako ofisini.

Bi Asilimia aliisikia sauti hiyo saluni, kichwa kikiwa chini ya mashine ya kukaushia nywele. Msusi aliirudia mara mbili kwa sababu wateja walikuwa wakicheka.

"Niliisikiliza mpaka mwisho," anakumbuka. "Halafu nikatoa kichwa nikawaambia, jamani, mimi ndiye niliyewauliza. Nimewapigia kwa mkono wangu huu."

Kicheko kilikoma. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu, mtu mzima, mpole wa sauti, akamuuliza swali ambalo anasema hajalisahau.

"Mwanangu, walipokuwa wanachomwa hao watoto, wewe ulikuwepo?"

"Hapana, mama. Niliwauliza kwa simu."

"Kwa hiyo ulichonacho ni maneno yao."

"Ndiyo, mama. Ni maneno yao."

"Haya," yule mama akasema, na akarudi kuangalia kucha zake.

Tangu siku hiyo akawa anachokozwa kila alipopita. Muuza duka alimuuliza kama pakiti ya sukari ina kilo moja kweli au ni kilo ya takwimu. Wanawake wa kikundi chao cha kusaidiana walimwondoa kwenye kazi ya kuandika mahudhurio. Hakuna aliyemwambia sababu. Siku moja tu alikuta daftari liko mkononi mwa mtu mwingine.

Maneno ya mtaani angeyavumilia, anasema. Yaliyomvunja yalitoka nyumbani.

Mdogo wake wa kike, wa kuzaliwa tumbo moja, ni fundi cherehani. Wanaishi nyumba moja, milango inatazamana uani. Ana binti mmoja, aliyekuwa na miaka minne wakati huo. Siku ya chanjo ya miezi tisa mtoto alikuwa na homa, wakarudishwa nyumbani, na mama yake hakumpeleka tena. Mwanzoni ilikuwa shughuli nyingi. Baadaye ilikuwa woga.

Ripoti ilipotoka, mdogo mtu alikuja jikoni kwa dada yake na beseni la nguo, wakakaa kuzikunja.

"Dada," alisema, "hao tisini na nne ni kweli?"

"Ni kweli. Kati ya waliojibu."

"Na wasiojibu?"

"Mia tano hamsini na mbili."

Mdogo mtu aliacha kukunja. "Dada, hao ni wengi kuliko waliojibu. Wao watoto wao wamechanjwa?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Hakuna anayejua. Hawakujibu."

Hakuongeza neno. Anasema ni mazoea ya kazi. Miaka kumi na saba ya kufundishwa kutomsaidia mtu kujibu, kutotoa maoni. Walimaliza nguo, mdogo wake akabeba beseni lake akavuka ua.

"Kadi ya chanjo ya mwanangu ilikuwa kwenye droo, hatua tano kutoka pale tulipokaa," anasema. "Amechanjwa zote, hakuna hata moja aliyokosa. Nilimpeleka mimi mwenyewe, nikamshika mguu akalia. Sikuitoa ile kadi. Wala wazo halikunijia. Nilidhani tunaongelea madaktari."

Wiki sita baadaye surua iliingia mtaani. Ilianzia kwa watoto wa nyumba ya kona, ikaruka nyumba mbili, ikaingia kwao. Binti alipata mafua na macho mekundu siku ya Jumatatu. Ijumaa vipele vilikuwa vimeshuka hadi miguuni, na homa ikawa haisikii dawa. Jumapili alishikwa na degedege.

Alilazwa siku kumi na tisa. Wodi ilikuwa na vitanda ishirini na watoto thelathini na nane, kwa hiyo alilala na mwenzake, kichwa huku na kichwa kule. Mwenzake alifariki siku ya saba. Daktari aliwaeleza wanandugu hao kwamba ugonjwa umepanda kichwani na kwamba wasubiri.

Binti alipona. Alirudi nyumbani amekonda, akaanza kula, akaanza kucheza. Ilikuwa wiki ya pili tangu watoke hospitali pale mama yake alipodondosha chuma cha pasi kwenye sakafu ya saruji, nyuma ya mgongo wa mtoto. Kila mtu uani aligeuka. Mtoto aliendelea kuchora.

Mama yake alimwita. Akamwita tena kwa sauti kubwa. Akaenda akasimama nyuma yake, akapiga makofi karibu na sikio.

"Mimi nilikuwa mlangoni," Bi Asilimia anasema. "Nilimwona mdogo wangu akipiga makofi. Sikumwelewa mpaka alipoketi chini."

Vipimo vilithibitisha kwamba hasikii masikio yote mawili. Daktari wa masikio alisema vifaa vya kuongeza sauti havitasaidia.

Jioni ya siku ya vipimo ndugu hao wawili walizungumza kwa mara ya mwisho mazungumzo marefu. Mdogo mtu hakupaza sauti. Alikuwa akikata uzi kwenye gauni la mteja, na hakuinua macho.

"Nilikuuliza kama dada yangu," alisema. "Ukanijibu kama ofisi."

"Nilikwambia ukweli."

"Ndiyo. Ulinihesabia. Nilikuwa nangoja uniambie mpeleke mtoto. Neno moja. Ungesema mpeleke, ningempeleka."

Nilipomtafuta, mdogo mtu alikubali kuongea kwa dakika chache, mguu ukiwa bado kwenye cherehani.

"Mimi ndiye mama," alisema. "Kosa la kwanza ni langu, sijifichi. Lakini watu wananiuliza mbona hukumsikiliza dada yako anayefanya kazi hizo. Nawaambia nilimsikiliza. Nilimsikiliza vizuri sana."

Kisha akaendelea kushona, na ilikuwa wazi kwamba amemaliza.

Awamu ya pili ya utafiti ilianza mwezi uliopita, na hali ni mbaya zaidi. Madaktari nao wamechoka kuchekwa. Mpaka siku nilipokaa chumbani humo, katika kila simu kumi zilizopigwa, saba hazikuzaa jibu. Wadadisi hulipwa kwa mahojiano yaliyokamilika, kwa hiyo anayekataliwa siku nzima anarudi nyumbani mikono mitupu. Ni rahisi kujua kishawishi kiko wapi. Kijana wa meza ya tatu alifukuzwa wiki mbili zilizopita baada ya kugundulika kwamba madaktari kumi na wawili aliodai kuwahoji hawajawahi kupigiwa.

Aliyegundua ni Bi Asilimia, aliyepewa kazi ya kuwapigia tena baadhi ya waliohojiwa ili kuhakiki. Alimripoti siku hiyo hiyo.

"Mtaani wakijua watasema, si tulisema," anasema. "Na siwezi kuwaambia ni waongo. Alikuwepo mmoja. Tulimtoa, fomu zake tukazifuta, lakini alikuwepo."

Mwezi huo huo alimwandikia msimamizi wa utafiti barua ya ukurasa mmoja. Aliomba idadi ya wasiojibu iandikwe mwanzo kabisa wa ripoti, karibu na asilimia, kwa herufi za ukubwa uleule. Aliomba pia wadadisi watumwe hospitalini kuwafuata ana kwa ana wale wasiopokea simu.

Msimamizi, mwanamume anayeongea polepole na kufunga mlango kila anapotaka kusema jambo, amekubali ombi la kwanza. La pili amelikataa kwa kukosa fedha.

"Ninachoogopa," msimamizi aliniambia, "ni kwamba tukiandika mbele, watu wataona tumekiri. Tukiandika nyuma, watasema tumeficha. Wewe ungefanyaje?"

Bi Asilimia, nilipompelekea swali hilohilo, alisema yeye angeandika mbele, na chini yake angeandika kwamba wadadisi wote wenye watoto wamewachanja wa kwao. Kanuni haziruhusu. Anajua. Ndiyo maana siku hizi, akiulizwa mtaani, anajibu bila kusubiri swali la pili: wa kwangu nimemchanja, na wewe mpeleke wa kwako.

"Wanaonipuuza wananipuuza," anasema. "Wawili wamekwenda. Nawajua kwa majina, na hao siwaweki kwenye ripoti yoyote."

Jumamosi asubuhi hafanyi kazi. Anakwenda kwenye shule ya viziwi iliyo nyuma ya uwanja wa mpira, ambako watu wazima tisa hufundishwa lugha ya alama wakiwa wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Yeye ndiye mzee kuliko wote darasani baada ya babu mmoja anayejifunza kwa ajili ya mjukuu. Vidole vyake, anasema, ni vizito, na mwalimu humsahihisha kwa kumshika mkono.

Mdogo wake humleta binti mpaka getini, kwa sababu watoto wana darasa lao saa hizohizo. Husalimiana. "Shikamoo dada." "Marahaba." Hakuna cha zaidi. Mtoto huachia mkono wa mama yake, huvuka geti, hushika mkono wa mama yake mkubwa, nao huingia ndani.

Binti sasa ana miaka mitano, na kwa lugha ya alama amemwacha mama yake mkubwa mbali. Kuna siku huongea kwa kasi hadi mama yake mkubwa humwomba arudie, naye hurudia huku akivuta pumzi ya kuchoka, kama mtu mzima.

Wanachoweza kuongea kwa sasa ni vitu: maji, kiatu, mvua, njaa, nataka, sitaki. Mwalimu amemwambia kwamba kwa mwendo wake itachukua miaka miwili kabla hajaweza kueleza jambo refu, lenye jana na leo na kwa sababu gani.

"Ataniuliza siku moja," Bi Asilimia anasema. "Mama yake atamweleza kwa upande wake, na mimi nataka nimweleze wa kwangu, mwenyewe, bila mtu wa kutafsiri. Nilichomwambia mama yake, na nilichoacha kumwambia."

Ananyoosha vidole vyake, anavitazama.

"Miaka miwili siyo mingi. Atakuwa na saba."