Azziya na Kondoo wa Tauni

Azziya alikuwa mpika pombe wa jeshi la Wahiti, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko pombe yenyewe. Yeye na mdogo wake Tatiya walitekwa vitani, wakagawiwa kambini pamoja na vyungu. Kwa hiyo tauni ilipoingia mahemani na askari wakaanza kufa, jemadari Pihaziti hakuumiza kichwa kutafuta mwanamke wa kupeleka.

Dawa ilijulikana. Unamfunga kondoo dume nyuzi nyekundu za sufu shingoni, na mwanamke naye unampamba, unawasukumia wote wawili nchi ya adui, na mkate na mtungi wa pombe juu. Tauni inawafuata. Atakayewapokea, shauri yake.

"Na mimi nikishafika?" Azziya aliuliza, wakimvisha hereni.

"Utafika," alisema kuhani.

"Nimesema nikishafika, baba!"

Kuhani akajitia kukaza fundo.

Tatiya alilia mpaka akapaliwa, na hilo ndilo lililomkata maini Azziya. Tauni isipoondoka atapambwa kondoo mwingine, na mwanamke wa pili atakuwa Tatiya.

Basi akaenda, anamburuta kondoo. Ng'ambo ya mto Wakaska, wale wafuga nguruwe wasio na mfalme, waliona zile sufu wakapiga yowe. Hata mshale hawakurusha, maana akifia kwao tauni inabaki kwao.

"Rudi kwenu, mama! Ujanja huo tunaujua! Mwaka juzi mlituletea mwingine!"

Azziya akaketi kwenye jiwe, akafungua ule mtungi wa pombe ya miungu. Haikuwa mbaya, aliipika mwenyewe. Akawatazama wanaume wazima wamejificha nyuma ya nguruwe, na akili ikamjia. Alicheka mpaka kondoo akashtuka.

Walipomwona anarudi, kambi ilipasuka. Mashujaa waliobomoa kuta za miji walikanyagana. Pihaziti alipanda juu ya gari lake la vita, farasi hata hawajafungwa.

"Simama hapohapo, dada yangu! Nakuomba!"

"Ala! Leo nimekuwa dada yako? Nipe Tatiya. La sivyo nakuja kukukumbatia, jemadari, na busu juu."

"Mchukue! Mchukue na punda!"

Wakamsukuma Tatiya kwa mipini ya mikuki. Alipokaribia akasimama.

"Usinisogelee, dada," alisema.

Azziya akaacha kucheka. Hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo: mtoto naye alikuwa anaamini kwamba dada yake ameibeba tauni. Alitafuta neno, na kwa mara ya kwanza maishani mdomo ule ukamsaliti. Machozi yakamtoka, na hereni zake zote masikioni.

Tatiya akageuka kuitazama ile mikuki. Akafuta kamasi. Kisha akainama, akafungua uzi mwekundu shingoni mwa kondoo, akajifunga mwenyewe.

"Haya, basi tuwe nayo wote," alisema, akamshika dada yake mkono.

Wakaondoka na punda, na jeshi zima halikuthubutu kuwafuata. Yule kondoo, wao wawili walimla nyuma ya kilima.