Ng'ombe Walikuwa Wangu, Ndoa Ikawa ya Mdogo Wangu

Admin, jina langu baki nalo wewe. Bunia ni ndogo, na watu wa mtaani kwetu Shari wananijua hata kwa kikohozi, sembuse kwa kisa. Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, sijawahi kuolewa, sina mtoto wa tumbo langu. Vijana msinicheke, moyo hauzeeki pamoja na magoti.

Mwishoni mwa miaka ya sabini, nchi ikiitwa Zaïre, nilipata bursi ya serikali, nilipiwe masomo, ya kwenda Uchina kusomea udaktari wa mifugo. Baba alikuwa mfugaji, akajisifu mji mzima kwamba binti yake anaenda kujifunza kutibu ng'ombe. Nilikuwa na mchumba, mwalimu wa shule, nimwite Mwalimu tu. Nilimpenda mpaka nikawa mjinga. Watu wa kwao waliogopa nisije nikapotelea huko, wakaleta ng'ombe wote wa mahari kabla sijapanda ndege. Kwetu ng'ombe wakishaingia zizini, msichana ni wa watu. Nilifurahi, nikajua nafasi yangu imefungwa na haitaguswa.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha na baridi. Nililia katika bweni la wageni mpaka machozi yakanichosha. Nililala chumba kimoja na msichana Mchina aliyewekwa anisaidie lugha, na picha ya Mwalimu ilikaa ukutani juu ya kitanda changu, na yule msichana akawa ananitania kila asubuhi kwamba mume wangu ameamka. Bursi ililipa tiketi ya kwenda na ya kurudi tu, kwa hiyo miaka sita sikuiona Bunia. Barua za nyumbani zilisema wote wazima, wananisalimia. Siku ya kuagana yule rafiki alinipa shuka nyekundu ya hariri, imetariziwa bata wawili, alama ya mume na mke. Kwao bibi arusi hulalia nyekundu. Niliibeba mkononi safari yote, sikutaka iingie kwenye mizigo.

Nilipofika nyumbani, mdogo wangu, nimwite Faida, alitoka jikoni na mtoto mgongoni. Badala ya kunikumbatia alianguka miguuni pangu.

"Yaya, dada yangu, mie sikuulizwaka. Banasema tu, vaa, twende."

Sikuelewa. Baba ndiye aliyenieleza, macho yake yakiwa mlangoni. "Ngombe zako tulizitoaka mahari, tukaoleya kaka yako bibi. Mama ya Mwalimu akagonjwa, bakataka mutu wa kumupikia. Bakasema, mutupe bibi ao murudishe ngombe. Ningetoa wapi zingine? Weye ulikuwa mbali, Faida alikuwa hapa, tukabapa yeye."

Ndugu zangu, nilisomea ng'ombe miaka sita, nikarudi nikakuta ng'ombe ndio walioniamulia maisha. Mwalimu nilikutana naye barabarani siku chache baadaye. Alisema neno moja tu, "Nilikungojaka," akageuka akaenda zake. Kesho yake nilimpelekea Faida ile shuka, nikamwambia kwa hasira, "Kamata, ni ya bibi arusi." Aliipokea kwa mikono miwili.

Maisha yakaenda. Nilitibu ng'ombe wa watu mpaka vijiji vya mbali kule Gety. Wanaume walikuja, niliwakataa, wengine wazuri kabisa. Watoto wa Faida waliniita mama mkubwa na niliwapenda, lakini ndani ya nyumba ile sikuwahi kukaa zaidi ya kusalimia. Faida alikuwa ananipikia na kunitumia chakula kila sikukuu. Nilikula, nikarudisha sahani.

Mwaka huu Faida amefariki. Tulipokuwa tunamvalisha, binti yake wa kwanza alifungua sanduku kutafuta kitambaa cha kumfunika. Chini kabisa ilikuwepo shuka yangu, na mikunjo yake ile ile ya Uchina.

"Mama alitukatazaka kuilalia," akaniambia. "Alisema iko ya mama mukubwa, yeye anaichunga tu."

Niliketi chini nikapiga kelele kama mwendawazimu. Miaka yote ile mimi nilidhani analalia furaha yangu.

Matanga yalipoisha wazee wa pande zote mbili wakaja kwangu. "Ngombe zilitolewa juu yako. Dada akikufa, dada anaingia mu nafasi yake. Muzee iko peke mu nyumba." Mwalimu alikuwa nao, na fimbo yake, meno yamepungua. Wengine walipotoka alibaki nyuma kidogo.

"Ukikatala, sitakasirika," alisema. "Lakini mie ningali nakungoja."

Moyo wangu uliruka, sitawaficha. Uliruka kama nilipokuwa msichana kule bwenini. Halafu nikaona aibu, maana udongo wa kaburi la Faida bado haujashuka.

Shuka binti yake alinirudishia, iko hapa kitandani kwangu, bado imekunjwa. Nikienda, nitalala pale alipolazimishwa mdogo wangu, na nitakwenda kwa amri ya ng'ombe wale wale. Nikikataa, nitakufa bila kuishi na mtu pekee niliyemtaka. Wazee wanarudi Jumapili kuchukua jibu. Nyinyi mlio na dada, nawauliza hasa nyinyi: angekuwa hai, Faida angeniambia niitandike?