Alisema "Nakuja", Akaondoka na Springi Yangu

Nilimkabidhi mtu nisiyemjua springi ya gari langu katikati ya pori. Akaifunga kwenye pikipiki yake kwa kamba ya mpira, akaniambia, "Nakuja."

Akatokomea.

Jina sikumuuliza. Namba ya simu sikumuuliza. Na mimi ni mtu mzima, nina mvi mpaka kwenye nyusi.

Chekeni tu, lakini ngoja kwanza nianze mwanzo.

Kazi yangu ni kushona maturubai. Ya malori, ya vibanda vya soko, hata viti vya magari nashona. Nina pikapu kuukuu, na nyuma yake nilijenga chumba kwa mikono yangu. Gari likitembea, chumba kimelala bapa, huwezi kujua kuna kitu. Ukisimama, unafungua komeo nne, unaingia, unasukuma paa kwa mabega. Kuta za turubai zinanyooka, na hapo una kitanda, jiko la gesi, rafu ya vikombe na dirisha la wavu. Mtaani kwetu wakaliita Konokono, kwa sababu linabeba nyumba yake.

Zile kuta nilishona na mke wangu. Tulisema tukipumzika kazi tutazunguka nalo kule ambako barabara zimechoka, tuone kuna nini.

Akafariki kabla hatujalala humo hata mara moja.

Baada ya msiba nyumba ikanibana. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Nikikaa sebuleni nabanwa, nikienda chumbani nabanwa zaidi.

Asubuhi moja binti yangu alikuwa anafua uani, na mama yangu mzazi anaota jua kwenye mkeka. Nikachukua funguo za Konokono. Nikapita katikati yao.

"Nakuja," nikasema.

Mnalijua lile "nakuja" letu. Mtu anainuka kitini, anakupa mgongo, anaondoka kabisa, halafu anakwambia anakuja. Binti akadhani naenda dukani. "Haya baba," akaitikia, macho yako kwenye beseni.

Hiyo ilikuwa miezi minane kabla ya mambo ya springi.

Nilijiambia siku mbili tu. Siku mbili zikawa wiki, wiki zikazaana. Nilikuwa napita kwenye machimbo na mashamba makubwa, nashona turubai moja mbili, najaza mafuta, nasonga mbele ambako hakuna watu. Jioni nainua paa, nachemsha chai, natoa vikombe viwili. Kila siku viwili. Nikigundua narudisha kimoja kwenye rafu na kujitukana kidogo.

Nikipata mtandao nakuta ujumbe wa binti: "Baba unarudi lini?"

Nami najibu, "Nakuja."

Hata sikuwa nafikiri. Vidole vilishazoea.

Mama yangu ana miaka themanini na kitu, sikio moja limegoma, na miguu inamsikiliza siku ikitaka yenyewe. Huyo ndiye niliyemwachia binti wa miaka ishirini na minne, muuguzi mwenye cheti chake, aliyekuwa anasubiri kuitwa kazini. Nilijua nilichofanya. Nilijifanya sijui.

Sasa Alhamisi moja nimepanda kilima, simu ikaanza kulia kama ina wazimu. Ujumbe wa mwisho ulikuwa huu:

"Baba nimepata kazi. Ni mbali. Jumatatu saa sita mchana niwe nimesaini, nikichelewa nafasi anapewa mwingine. Bibi hawezi kubaki peke yake. Unakuja?"

Nikausoma mara nne. Mwanangu alisubiri kazi hii miaka miwili, na sasa ilikuwa inaning'inia kwangu.

Nikajibu, "Nakuja."

Na haki ya Mungu, safari hii nilimaanisha. Nikageuza gari palepale. Nikaona kama nitakata njia ya porini nitaokoa nusu siku, nitafika Ijumaa jioni, nimpikie na chakula cha kumuaga.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa navuka korongo kavu.

Kah!

Gari likakaa upande kama kuku mgonjwa. Nikashuka, nikalala chini kuchungulia. Springi ya nyuma, zile bamba za chuma zinazobeba uzito, bamba kuu limekatika vipande viwili. Hapo huendi popote.

Nikakaa juu ya jiwe. Jua kali, simu haina mtandao, kimya kimetanda, mbele na nyuma hakuna hata mbuzi. Nikasema kwa sauti, "Imekula kwangu." Sauti yangu mwenyewe ikanishtua, maana sikuwa nimeongea na mtu tangu Jumanne.

Saa sita na ushee nikasikia pikipiki.

Alikuwa mrina asali. Ndoo mbili nyuma, nyuki watatu wanne bado wanamfuata, uso umevimba upande mmoja. Mtu wa makamo, maneno machache.

"Shikamoo mzee. Imekatika?"

"Marahaba. Imekatika."

Akainama, akatazama, akatikisa kichwa. "Hii inachomelewa. Sokoni yupo fundi. Kilomita thelathini na kitu."

"Nipakie basi twende."

"Nikupakie wapi, mzee? Juu ya nyuki?"

Kweli, nafasi haikuwepo. Tukasaidiana kupiga jeki na kupanga mawe chini ya gari, tukaitoa springi. Nikampa cha fundi na cha mafuta. Akafunga vyuma vyangu juu ya ndoo zake, akavaa kofia.

"Nakuja," akasema.

Mpaka vumbi linatua ndipo nikashtuka kwamba sikumuuliza anakuja lini.

Ijumaa ile ikaisha. Nikasema hewala, foleni kwa fundi.

Jumamosi niliamka nimeshavaa. Nikakunja matandiko, nikapanga spana kwenye kitambaa kwa ukubwa wake. Kila mdudu akilia nilidhani pikipiki. Saa tatu hola. Saa sita hola. Kufika saa tisa nikaanza kuongea na jiko.

"Wewe, huyu mtu anakuja kweli?"

Jiko kimya.

Wadau, upweke nilikuwa nao miezi minane na nilidhani tumeshazoeana. Kumbe ule nilikuwa nimeuchagua, ningeweza kuwasha gari nikaukimbia. Huu wa kukaa juu ya mawe, unamngoja mtu aliyekupa neno moja, ni mwingine kabisa. Unahesabu. Unamtetea. Unamlaani. Unamtetea tena. Jioni yake nililia, na sioni la kuficha.

Hapo ndipo nikamfikiria binti yangu, miezi minane, na lile beseni.

Lakini moyo wa binadamu ni mgumu. Badala ya kujifunza nikakasirika. Nikajisemea, hili neno nalijua mimi, nimelitumia sana. Mtu akisema nakuja huku anaondoka, ujue ameondoka. Huyu springi yangu ameshaiuza kwa kilo. Nimepigwa.

Jumapili alfajiri, bado mwanga haujakaa sawa, nikashusha paa, nikafunga komeo, nikabeba maji lita tano, nikaanza kutembea kufuata njia ya gari kwenda huko sokoni. Maana ili awahi kusaini, binti alipaswa kupanda basi la Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa na siku moja.

Nilitembea siku nzima. Viatu vikanila, nikatembea na soksi. Sikukutana na mtu.

Nimefika kwa fundi wa kuchomelea jua linazama. Simu nimeinua juu, hakuna mtandao. Umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa, na mnara nao umezimika.

"Namtafuta mrina asali," nikasema. "Ana springi yangu."

Fundi akanitazama miguu kwanza. "Ndiyo wewe mwenye gari la turubai? Mbona mwenzako ametoka hapa leo alfajiri?"

"Ametoka kwenda wapi?"

"Kwako! Alikaa kwenye lile tairi Jumamosi nzima, akisubiri umeme. Ulipogoma kurudi akaenda kuazima jenereta kwa mwenye mashine ya kusaga, usiku tukachomelea. Nikamwambia lala, upumzike. Akasema amekuaga kwamba anakuja."

"Nimetembea njia nzima, sijamwona!"

"Pikipiki inapita njia ya panya, mzee. Hukumuuliza?"

Nilikaa kwenye lile tairi.

Jumatatu asubuhi nikapata lifti ya trekta. Tumefika korongoni saa tatu, na Konokono limesimama wima. Springi imefungwa. Mawe yametolewa. Mrina amekaa chini ya kivuli cha gari, mgongo kwenye gurudumu, anachonga kijiti.

"Shikamoo," akasema, kama vile nimetoka chooni.

"Marahaba. Ulifika lini?"

"Jana, saa mbili asubuhi. Saa tano nilikuwa nimemaliza kufunga."

Nikapiga hesabu. Kutoka pale mpaka nyumbani ni saa kumi za njia. Ningekaa tu juu ya jiwe langu, ningeondoka Jumapili kabla ya mchana, ningemkuta binti bado analala na mizigo mlangoni.

"Kwa nini hukuondoka, ndugu yangu? Umelala hapa?"

"Niliona umefunga. Nikajua umeenda kujinyoosha, utakuja." Akanikabidhi spana zangu, zimepanguswa. "Nilisema nakuja, mzee. Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Sasa?"

Nikamwambia ahsante mara nyingi mno mpaka akaona haya, akawasha pikipiki. Safari hii hakusema nakuja. Alisema, "Kwa heri, nyumbani wasalimie."

Niliendesha kama mwenda wazimu. Mtandao uliporudi nikatazama simu: hakuna ujumbe mpya. Tangu Alhamisi hajajibu. Nikajua amenikasirikia, na ana haki. Saa sita ya mchana ikapita nikiwa barabarani, nikaiona inapita kwenye saa ya gari. Nafasi ya mwanangu imekwenda. Kupiga simu sikuthubutu. Nikasema nitampigia magoti ana kwa ana.

Nimefika jioni. Mlango una kufuli. Uani kumefagiwa, kamba ya nguo tupu, mkeka wa mama haupo.

Jirani yetu, mama mmoja fundi cherehani, akatoka na ufunguo mkononi.

"Heee! Wewe!" Akanishika mabega kuhakikisha. "Umefika kweli?"

"Wako wapi, dada? Mama yuko salama?"

"Salama salimini. Wameondoka wote. Binti amekwenda kazini na bibi yake. Kashapanga chumba hukohuko, kampata na mama wa kumwangalia bibi mchana. Leo asubuhi kasaini, kanipigia, furaha hiyo!"

Nikakaa kwenye ngazi. Amesaini. Kwanza nilishukuru, nawaambia ukweli. Halafu nikauliza.

"Wameondoka lini?"

"Ijumaa alfajiri."

"Ijumaa? Mimi Alhamisi nilimwandikia kwamba nakuja!"

Jirani akatazama pembeni. Ni mtu mwenye adabu, alikuwa anatafuta pa kupitia.

"Aliupata. Alinisomea hapahapa ulipokaa. Akasema, 'Mama jirani, baba amesema anakuja. Basi acha nifunge mizigo, bibi twende naye.'"

Hakusema kwa ubaya, jirani akaniapia. Alisema tu, kama mtu anayesema mawingu yametanda, nguo zianuliwe.

Kwa hiyo springi inakatika, wao wako kwenye basi. Ninalia juu ya jiwe, binti yangu anapanga vitanda kwingine. Siku nne nimekimbizana na ahadi ambayo aliyeahidiwa hakuiweka hata kwenye hesabu.

Nimefungua nyumba. Wametandika kitanda changu. Kuna mtungi umejazwa maji na kufunikwa. Nimekaa sebuleni, na ajabu, hapanibani tena. Pana nafasi kubwa mno.

Nikapiga simu.

"Haloo baba."

"Niko nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Nyumbani kwetu. Nimekuta umeondoka. Mwanangu, hongera. Na unisamehe."

"Usijali baba. Mbona mambo yamekwenda vizuri." Sauti ya upole, ile ya kumsemesha mgonjwa. Hiyo iliniuma kuliko matusi. Halafu akampa simu bibi yake.

"Wee! Umekula?" mama yangu akapiga kelele.

"Nimekula mama. Mama, sikiliza. Nakuja huko."

"Haya mwanangu," akasema. Akakata.

Nimewasimulia haya kwa sababu moja. Nyinyi mnaoaga kwa kusema nakuja, kwa mke, kwa mama, kwa mtoto anayefua nguo: neno hilo lina kazi yake. Ukilichezea mwaka mzima, kuna siku utalisema kwa moyo wako wote, unatoka jasho, miguu ina malengelenge, na watu unaowapenda watakujibu "haya" na kuendelea kufunga mizigo.

Naondoka alfajiri. Nimejaza mafuta, springi nimeikagua mara mbili.

Na tangu simu ile sijamwambia tena mtu yeyote kwamba nakuja.