Leo nimeung'oa ubao wetu wa mtandao pale mlimani Ileje

Jamani, leo nimeung'oa kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa msioujua: ni ubao wenye vipande vidogo vya shaba, nilivyovipanga ili mawimbi ya simu kutoka mnara wa ng'ambo ya mlima yageuke na kushuka bondeni kwetu. Hautumii umeme wala betri.

Na ulifanya kazi! Nesi wetu, Mama Tusekile, alikuwa anaita gari la wagonjwa akiwa ndani ya zahanati.

Leo asubuhi akapiga, simu haitoki. Kitandani kuna mjamzito anatoka damu.

Nikapanda mlima mbio nikidhani upepo umeuangusha. Umesimama wima vilevile.

Juu pale mtandao umejaa, nikaita gari. Kisha nikampigia fundi wa mnara.

"Tumebadilisha masafa ya mawimbi, kaka."

Vile vipande vya shaba nilivikata kwa kipimo cha masafa ya zamani. Kwa haya mapya haviyageuzi mawimbi, ni ubao tu.

Gari likachelewa. Yule mjamzito amepona. Mtoto hapana. Nikarudi mlimani, nikaung'oa ubao.

Mama Tusekile akaniuliza, "Mwanangu, utatengeneza mwingine?"

"Na wakibadilisha tena?"

Akainama, akaendelea kufua yale mashuka yenye damu.

Nyie mngemjibuje?