Mama Yangu Mbele ya Darasa

Watu wa mtaa hawachoki kuniuliza: hiyo sosholojia unayosoma inakupa nini hasa? Utaajiriwa wapi? Haya, nitawaambia. Mimi ilinipa ukweli kuhusu mama yangu, mbele ya darasa zima, kutoka kinywani mwa msichana niliyemlisha chapati nyumbani kwetu Kayole.

Alikuwa rafiki yangu wa chuo, wa kufa kuzikana. Jumapili baada ya kanisa alikuja kwetu. Mimi nikipika, yeye alikaa na mama akimsaidia kutunga shanga za viatu vya ngozi anavyouza soko la Kariokor. Walicheka sana hao wawili. Nami nilifurahi. Mjinga mimi, nilifurahi!

Muhula huo mhadhiri alitutuma tukamhoji mtu yeyote kuhusu ndoa, kisha kila mmoja asimame aeleze alichopata. Zamu ya rafiki yangu ilipofika, akasimama ametulia tuli. "Niliongea na mama mmoja wa Kayole. Anashona viatu, ana binti mmoja yuko chuo." Jina hakutaja. Kwani lilihitajika?

Nimekua nikijua kwamba baba alitutoroka. Mtaa wote unajua hivyo. Lakini rafiki yangu akaeleza kwamba yule mama hakuachwa na mtu. Aliondoka mwenyewe, mtoto mgongoni, kwa sababu ya kipigo. Alipofika Nairobi akawaambia watu wa kanisa kwamba ameachwa, maana aliyeachwa hupewa blanketi na mahali pa kulala, lakini aliyeondoka hushikwa mkono akarudishwa kwa mumewe.

"Huyo mathe ni mjanja!" mtu akasema kutoka nyuma, na darasa likacheka. Mhadhiri alimsifu kweli kweli. Huu ndio utafiti, akasema. Rafiki yangu hakuniangalia hata mara moja.

Nilimkamata nje ya mlango. "Umeniuza!"

"Lakini sikutaja jina," akanijibu, eti hayo ndiyo maelezo. Nikamwambia asikanyage kwetu tena.

Nyumbani nilimkuta mama akikata mboga ya sukuma. Sikusalimia. Nikamuuliza imekuwaje mgeni ajue mambo ambayo mimi, mtoto wake, siyajui.

Hakushtuka. "Yeye aliniuliza," akasema. "Akanyamaza, akanisikiliza mpaka mwisho. Wewe tangu uingie chuo kazi yako ni kunieleza."

Hilo lilinichoma, sitaficha. Lakini kuna jambo jingine lililokuwa likinichemka tangu darasani, nikamlipukia. "Nikiwa mtoto ulinipigisha magoti kila jioni nimwombe Mungu amrudishe baba! Nililia, mama! Na wewe uko pale pale unasema amina!"

Mama akaweka kisu chini.

"Tulikuwa tunakaa nyumba ya mabati," akasema. "Majirani walikuwa wanasikia kila kitu. Ningefanyaje? Ilibidi wakusikie ukiomba, waamini tumeachwa."

Kwa hiyo machozi yangu yalikuwa ya kusikilizwa na majirani. Nilimwelewa. Nilielewa kanisa, nikaelewa majirani, nikaelewa hofu yake yote, kwa sababu hayo ndiyo niliyofundishwa chuoni. Kumsamehe ndiko bado sijaweza.